Wingi wa Watu na Kazi ya Programu

Kompyuta haifanyi kazi bila maagizo. Maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu huitwa programu. Gharama kubwa ya kutunga programu ni mishahara ya watungaji.

Watu 10 hulima shamba upesi kuliko watu 2, kwa sababu kila mmoja hulima sehemu yake. Je, kazi ya programu ni hivyo pia? La. Sehemu za programu hutegemeana. Kwa hiyo watungaji sharti waelewane daima. Watu 3 hufanya jozi 3 za kuzungumza, lakini watu 10 hufanya jozi 45. Muda mwingi hutumika kwa mazungumzo. Tena, anapoletwa mtu mpya, wenzake huacha kazi zao ili wamfundishe.

Katika miaka ya 1960, kampuni ya IBM ya Marekani ilitunga programu kubwa ya kuendeshea kompyuta, iitwayo OS/360. Wakati fulani watu zaidi ya 1,000 waliifanyia kazi. Hata hivyo, ilichelewa, na gharama ikazidi makadirio mara kadhaa. Frederick Brooks, aliyepata kuisimamia kazi hiyo, alieleza funzo lake katika kitabu cha mwaka 1975: kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi.

Zoezi
1. Weka nukta 5 daftarini. Unganisha kila nukta na nyingine zote. Umepata mistari mingapi?
2. Taja kazi moja ya nyumbani isiyoharakishwa na wingi wa watu. Eleza sababu.