Ntoto, Nyasi Zinapokutana na Msitu

Mwalimu wa jiografia huchora ubaoni mlima, bonde, mto na ziwa, kila kimoja na mstari wake, kama vyombo vilivyopangwa kabatini. Ntoto, mpakani mwa teritwari za Masisi na Walikale katika mkoa wa Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, mambo hayo yamefungamana, na ukitaka kulieleza moja itakubidi uanzie mbali.

Tuanzie Goma basi, anakoshukia mgeni. Mji huo uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake zimesimama volkano mbili zilizo hai: Nyiragongo, meta 3,470, na Nyamulagira, meta 3,058. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Mwaka 2021 iliishia viungani. Wenyeji wanazihofu, lakini bila volkano hizi ziwa lisingekuwa hivi lilivyo. Hapo kale maji ya upande huu yalielekea kaskazini, Ziwa Edward na hatimaye Nile. Volkano zikaota katikati ya Bonde la Ufa zikaziba njia, maji yakajaa, yakatafuta upenyo wa kusini kwa Mto Ruzizi mpaka Tanganyika. Ndugu zetu wa Kigoma, katika ndoo mnayoteka hamkosi tone la Goma.

Kati ya Goma na Sake kuna jambo ambalo ubaoni halichorwi. Ardhi hutoa hewa ya ukaa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya katika vishimo na mabonde madogo. Watu wa huko huiita mazuku. Asubuhi isiyo na upepo unaona kishimo chenye majani mabichi, hakuna moshi, hakuna harufu. Mbuzi anashuka kula, anapiga magoti, hainuki tena. Aliyemfuata kumwokoa naye huweza kubaki humo humo. Upepo ukivuma, hewa hutawanyika na majani yanabaki vile vile, ya kijani.

Ukiacha Sake, barabara inapanda. Hii ndiyo Masisi: vilima vilivyobanana, vingi vikipita meta 2,000, vimevaa nyasi fupi na ng'ombe. Tuko kusini mwa Ikweta kwa digrii moja na ushei, lakini usiku unatafuta blanketi. Maharage na viazi hupandwa mpaka kwenye migongo ya vilima, na mvua kubwa zikija, shamba huweza kuporomoka lote na mwenyewe akalikuta bondeni. Kutoka huku hushuka jibini ya Masisi, mviringo kama gurudumu dogo, ganda la manjano, ndani laini. Sokoni Goma hukatwa kwa kisu na kupimwa kipande kipande. Kuna pia Rubaya, yenye koltani inayosakwa na dunia nzima kwa ajili ya simu. Huko vilima vimechimbwa mpaka vikabaki mifupa.

Magharibi zaidi, mgongo wa nchi unavunjika. Ng'ombe wanapungua, migomba na mihogo inashika nafasi, kisha miti mirefu. Ntoto iko upande huu wa mteremko. Mbele yake ni Walikale, teritwari ya zaidi ya kilometa za mraba 23,000, ikiikaribia Rwanda nzima kwa ukubwa, na karibu yote msitu. Mji wa Walikale wenyewe, kando ya Mto Lowa, uko chini ya meta 1,000. Kwangu mimi mteremko huu ndio habari kubwa ya nchi hii kuliko volkano, ingawa hakuna mpiga picha anayeufuata. Vita vya miaka mingi vimewafanya wengi waupite kwa miguu, godoro kichwani.

Kwa upande wa watu, Wahunde wako zaidi juu, Wanyanga zaidi msituni. Wanyanga ndio wenye utendi wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Humo mtoto Mwindo anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, na ngoma, badala ya kufuata mkondo, inaupanda mto. Mukiti, nyoka wa maji, ana makao yake kwenye kina cha mto. Nyamurairi, mwenye moto, yuko chini ya ardhi. Watu wanaoishi baina ya volkano na mito walijua wampe nani makao gani.

Tukirudi kwenye maji: mvua inayonyesha kaskazini mwa volkano huingia Mto Rutshuru, ikafika Ziwa Edward na kwenda zake Misri. Inayonyesha Sake huingia Kivu, Ruzizi, Tanganyika, ikatokea Kalemie kwa Mto Lukuga mpaka Lualaba, mto uleule ambao mpelelezi Livingstone mwaka 1871, akiwa Nyangwe, aliudhania kuwa ndio Nile. Ile ya mteremko wa magharibi hushika vijito vya msituni, ikaingia Lowa, na Lowa nayo humwaga Lualaba, kati ya Kindu na Ubundu. Hapo maji ya Sake na ya upande wa Ntoto hukutana tena, yakateremka pamoja, mbele zaidi kwa jina la Mto Kongo, mpaka Banana, kwenye Bahari ya Atlantiki.