Muuaji Aliyefichwa Kikosini: Siri na Kanuni katika Michezo ya Vita na katika Masimulizi ya Katanga na Pwani

1.0 Utangulizi

Hila ya kumficha muuaji miongoni mwa watu wasioshukiwa ni kongwe katika masimulizi ya Kiafrika. Katika karne ya 20 hila hiyo ilijitokeza pia katika michezo ya vita vya mezani, yaani michezo ambamo wachezaji wawili au zaidi hupanga majeshi ya sanamu ndogo juu ya meza iliyotengenezwa mfano wa uwanja wa mapambano, wakapima mwendo kwa rula na kuamua matokeo kwa kutupa dadu. Katika michezo ya aina hii iliyojengwa juu ya fantasia, majeshi huwa ya viumbe wa kubuni, na baadhi yake huruhusiwa kuwa na muuaji ambaye sanamu yake haionekani mezani mpaka saa yake ifike.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mhusika huyo anavyotumiwa, kisha kumlinganisha na wauaji waliofichwa katika masimulizi mawili: lile la Nkongolo na Kalala Ilunga linalosimuliwa Katanga, na lile la Fumo Liyongo linalosimuliwa pwani. Mji wa Pweto, ulioko kaskazini mwa Ziwa Mweru, umechukuliwa kuwa kituo cha mjadala kwa sababu mbili. Kwanza, ndipo mto Luvua unapotoka ziwani kwenda kuungana na Lualaba karibu na Ankoro, katika nchi ya Waluba wenye simulizi la kwanza. Na jamii kadhaa za kandokando ya Mweru husimulia kwamba asili yao ni huko. Pili, Pweto ilipitiwa na vita ambavyo wiki chache baadaye vilifuatwa na mauaji ya siri ya kweli.

Hoja inayotetewa ni kwamba nguvu ya muuaji aliyefichwa haitoki katika silaha yake, bali katika mashaka anayoyatia kabla hajaonekana. Na kwamba mchezo unaweza kuistahimili siri hiyo kwa sababu tu umeifunga kwa kanuni.

2.0 Siri katika michezo ya vita

Si kila mchezo una siri. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, halifichi chochote: kila kete iko mbele ya macho ya wachezaji wote wawili na ya watazamaji. Anayeshindwa katika bao ameshindwa kuhesabu; hakudanganywa. Hali ni hiyo hiyo katika michezo mingine ya jamii ya bao iliyoenea Kongo na Zambia.

Michezo ya vita ya Ulaya ilielekea kwingine. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alitoa mchezo wa ramani wa kufundishia maofisa, ambamo mwamuzi aliijua hali ya pande zote mbili, nao wachezaji walielezwa yale tu ambayo askari wao wangeweza kuyaona. Mwaka 1909 Hermance Edan alipata hataza nchini Ufaransa kwa mchezo wa L'Attaque, ambao kila askari wake huonyesha mgongo tu kwa adui. Kutokana na mchezo huo ukazaliwa Stratego, wenye kijisanamu kimoja dhaifu kuliko vyote, jasusi, ambacho hata hivyo humuua mkuu wa majeshi iwapo kitamshambulia wa kwanza. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells aliandika kanuni za kuchezea vita kwa sanamu za askari, na akashauri pazia litandazwe katikati ya uwanja wakati kila upande unapopanga jeshi lake.

Kwa hiyo, mchezo wa Warhammer ulipotolewa Uingereza mwaka 1983 na kampuni ya Games Workshop, njia tatu za kutunza siri zilikuwa zimekwisha kujulikana: mwamuzi, mgongo wa sanamu, na pazia. Njia iliyotumika sana kwa muuaji ni ya nne, nayo ni karatasi. Mchezaji anapoorodhesha jeshi lake huandika kwamba muuaji yumo katika kikosi fulani. Karatasi haionyeshwi kwa adui, lakini haiwezi kubadilishwa. Mchezo ukiisha, hufunuliwa.

3.0 Namna muuaji anavyotumiwa

Matoleo ya Warhammer ya miaka ya 1990 na 2000 yanatoa mifano miwili bayana. Mfano wa kwanza ni wa vibwengo wa usiku. Kikosi chao huweza kuficha hadi vibwengo watatu wenye wazimu, kila mmoja akizungusha tufe la chuma lenye mnyororo. Adui akifika umbali wa inchi 8, hutolewa nje kwa lazima, na tangu hapo huenda watakako, hata wakawaangamiza wenzao. Mfano wa pili ni wa muuaji stadi anayejificha katika safu za askari wa kawaida. Huyu hatoki kwa lazima. Mwenyewe ndiye huchagua saa, ama mwanzoni mwa zamu ama mapambano ya ana kwa ana yanapoanza.

Tofauti ya mifano hii ndiyo inayofundisha matumizi. Kibwengo ni mtego, kwani anafungwa na umbali, na adui ajuaye kanuni anaweza kumtegua. Muuaji stadi ni mwenye hiari, kwa hiyo kosa la kwanza la mchezaji mchanga ni kumfichua mapema kwa tamaa ya kuua askari wawili watatu. Akishaonekana, thamani yake hupungua papo hapo: adui humkwepa, humpiga mishale, au humtolea shujaa wa kupambana naye. Kosa la pili ni kumchelewesha mno. Kwa kawaida kikosi kinachomficha kikiangamizwa kabla hajatoka, naye amepotea pamoja nacho. Siri ina gharama, na gharama hiyo hulipwa hata isipotumika.

Mchezaji mzoefu hutazama mbali zaidi. Huweka vikosi vitatu vinavyofanana, muuaji akiwa katika kimoja. Adui, kwa kuwa hajui ni kipi, huvikwepa vyote vitatu, na jemadari wake huachwa nyuma ya mstari ambako hawezi kuwatia moyo askari wake. Hapo muuaji amefanya kazi ya vikosi vitatu bila ya kuchomoa kisu. Inawezekana hata asiwe na muuaji kabisa, mradi tu adui aamini kwamba anaweza kuwamo.

Kwa upande wa anayejihadhari, dawa si nguvu. Dawa ni kujaribu ardhi kwa kitu cha thamani ndogo: kupeleka mbele kikosi hafifu cha wapanda farasi, au mbwa wa vita, ili vibwengo watoke bure na muuaji alazimike kuchagua. Katika Stratego pia, mchezaji mwangalifu hutanguliza skauti mahali anapohofia bomu.

4.0 Mkeka wa Nkongolo

Katika simulizi la asili ya ufalme wa Waluba, Nkongolo Mwamba ni mtawala mkatili. Mwindaji wa kifalme Mbidi Kiluwe, aliyetoka mashariki, anafika kwake, anazaa na dada yake mtu, kisha anarudi kwao. Mtoto anayezaliwa, Kalala Ilunga, anakua shujaa, na mjomba anaanza kumwonea wivu. Nkongolo anaamuru shimo lichimbwe uwanjani, vyuma vyenye ncha vipandwe ndani, na mkeka utandikwe juu. Kisha anamwalika mpwa wake acheze ngoma kwa heshima.

Mpigangoma anaijua hila. Hawezi kusema mbele ya mfalme, lakini anaweza kupiga. Anampelekea Kalala Ilunga onyo kwa mdundo, na mchezaji anausikia ujumbe ambao wengine wanausikia kama ngoma tu. Kalala Ilunga anacheza akiukaribia mkeka, anaurushia mkuki, mkuki unapenya na shimo linafichuka. Anaruka, anatoroka, anavuka Lualaba, na baadaye anarudi na jeshi la baba yake kumwondoa Nkongolo.

Mambo matatu katika simulizi hili yanafanana na meza ya mchezo. Kwanza, silaha imefichwa chini ya kitu cha kawaida, tena cha heshima: mkeka hutandikiwa mgeni. Pili, mhusika haokolewi na nguvu zake, bali na kitendo cha kujaribu. Mkuki mmoja uliopotea ni bei ndogo kwa maisha ya mtu, kama kikosi hafifu kilivyo bei ndogo kwa jemadari. Tatu, hila ikishafichuka haiwezi kurudiwa. Nkongolo hana mkeka wa pili. Lipo pia la nne lisilopatikana mezani, nalo ni mpigangoma. Mchezo hauruhusu mtu aliyeiona karatasi ya mpinzani amwonye mwenzake. Simulizi linamruhusu, tena linamsifu, kwa kuwa humo siri ya mfalme ni dhuluma, na kuitoboa ni haki.

5.0 Mkoma na sindano ya shaba

Pwani nako, habari za Fumo Liyongo, zilizotungiwa utenzi na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, zina majaribio mawili ya mauaji ya siri, na kufaulu kwa moja na kushindwa kwa jingine kunathibitisha hoja iliyotangulia.

Jaribio la kwanza linafanywa ndani ya burudani. Wenzake Liyongo, walioahidiwa malipo kwa kichwa chake, wanakubaliana naye kula kikoa cha makoma, kila mmoja akipanda mti kwa zamu kuwaangulia wenziwe. Mpango ni kwamba zamu ya Liyongo ikifika, apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anauliza wanataka makoma yapi, kisha anayaangusha kwa mshale akiwa amesimama chini. Kama Kalala Ilunga, anatuma silaha mahali alipotakiwa aupeleke mwili wake.

Jaribio la pili linafaulu kwa sababu haliwezi kupimwa. Mtawala wa Pate anamtuma mtoto wa Liyongo mwenyewe, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme, akachunguze ni kitu gani kinachoweza kumuua babake. Liyongo anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Baba analala, mwana anachoma. Shujaa aliyekuwa na mshale kwa kila mti hakuwa na mshale wa kumjaribu mwanawe. Aidha, ni muhimu kutambua kwamba Liyongo anaonekana kumshuku kijana huyo, lakini anajibu swali. Utenzi haumwonyeshi kama mjinga. Unamwonyesha kama mzazi.

Hapa ndipo ulinganisho na mchezo unapofika mpaka wake. Mezani, kikosi kinachoshukiwa hukwepwa au hutolewa kafara. Katika maisha, anayeshukia kila mwanawe ameshajiua kwa njia nyingine.

6.0 Pweto: siri isiyo na mwamuzi

Mpaka huo unaonekana wazi zaidi katika historia ya karibuni. Mwanzoni mwa Desemba 2000, katika vita vya pili vya Kongo, Pweto ilitekwa na majeshi ya Rwanda pamoja na waasi wa RCD. Maelfu ya askari wa serikali na raia walivuka mpaka kuingia Zambia. Tarehe 16 Januari 2001, huko Kinshasa, Rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi na mmoja wa walinzi wake. Muuaji hakuvunja mlango. Alikuwa ndani ya kikosi chenye kazi ya kumlinda rais.

Umbo la tukio ni lile lile la mezani: askari wa kawaida kati ya askari wa kawaida, mpaka saa yake ilipofika. Lakini kilichofuata hakifanani. Mahakama ya kijeshi ilitoa hukumu Januari 2003, na hata hivyo mjadala juu ya nani aliyemtuma haukuisha. Hapakuwa na karatasi iliyoandikwa mapema na kutunzwa kwa uaminifu ili ifunuliwe mwishoni. Mashaka ambayo mezani huisha pamoja na mchezo, hapa yaliendelea kufanya kazi yake: watu wengi walikamatwa, na jirani akamtazama jirani kwa jicho la kumpima.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba muuaji aliyefichwa ana tabia tatu zinazodumu kutoka simulizi hadi meza: hufichwa chini ya kitu cha kawaida, hutawala kwa mashaka kabla ya kutawala kwa kisu, na hushindwa na jaribio la bei ndogo. Kwa mchezaji, mafunzo ni kumchelewesha kwa kiasi, kumzungushia vikosi vinavyofanana naye, na, akiwa upande wa pili, kutanguliza kitu asichojali kukipoteza.

Tofauti iliyopo ni ya kanuni. Mchezo wa haki huandika siri yake kabla ya kuanza na kuifunua baada ya kumalizika, ili aliyeshindwa ajue alishindwa kwa nini, na kesho akubali kucheza tena na mtu yule yule. Masimulizi ya Katanga na ya pwani, kwa kuwa yanashughulika na dhuluma iliyokosa kanuni hiyo, yaliweka mahali pake msikilizaji ambaye huliona shimo chini ya mkeka tangu mwanzo. Utafiti zaidi wa masimulizi ya kandokando ya Mweru unafaa kuanzia kwa wahusika wenye kazi kama ya mpigangoma: ni nani anayeijua siri, na anatumia lugha gani kuitoa mbele ya mfalme.