Kitabu cha Voynich: picha zake zilitoka kwa watu gani?

Tangu zaidi ya miaka 100, watu wenye elimu wanabishana juu ya kitabu kimoja cha kale ambacho hakuna aliyefaulu kukisoma. Maandishi yake hayafanani na ya lugha yoyote inayojulikana. Zinabaki picha tu, na juu ya picha hizo pia hawapatani.

Kitabu hicho kinaitwa Voynich, jina la Wilfrid Voynich, muuzaji wa vitabu aliyekinunua mwaka wa 1912 kwa mapadri Wajezuiti karibu na Roma. Leo kinatunzwa katika maktaba ya Beinecke ya chuo kikuu cha Yale, huko Marekani. Kina kurasa karibu 240 za ngozi ya ndama. Ndani mna mimea ya ajabu, duara za nyota, na wanawake walio uchi wakioga katika mabwawa ya maji ya kijani.

Alizeti ya Amerika?

Mwaka wa 1944, mtaalamu wa mimea Hugh O'Neill alisema kwamba mmea mmoja ni alizeti, ua lililotoka Amerika. Mwaka wa 2013, Arthur Tucker na Rexford Talbert waliendelea na wazo hilo, wakisema mimea mingi ya kitabu ni ya Mexico. Kama ni kweli, kitabu kiliandikwa kisha safari ya Columbus ya mwaka wa 1492.

Lakini mwaka wa 2009, watafiti wa chuo kikuu cha Arizona walikuwa wamepima kaboni ya ngozi ya kitabu. Jibu: ndama hao walichinjwa kati ya mwaka wa 1404 na 1438. Ni kweli kwamba ngozi inaweza kuwekwa muda mrefu mbele ya kuandikiwa. Hata hivyo, nguo na mitindo ya nywele katika picha inalingana na Ulaya ya miaka ileile ya 1400.

Italia, Wajerumani au Wayahudi?

Ukurasa mmoja mkubwa unaokunjwa unaonyesha ngome ambayo meno ya ukuta wake yamegawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Ngome za namna hiyo ni nyingi kaskazini mwa Italia, kama vile Verona. Kwa hiyo wengi wanasema mchoraji alitoka huko.

Wengine wanatazama nyota ya Mshale. Kwa kawaida ilichorwa kama kiumbe nusu mtu, nusu farasi. Hapa ni mtu kamili, anayeshika upinde wenye mti na kifyatulio, silaha ya askari wa Ulaya. Picha kama hiyo inapatikana katika vitabu vya nyota vya maeneo ya Wajerumani. Lakini majina ya miezi yaliyoongezwa kando yanakaribia lugha za kusini mwa Ufaransa.

Juu ya wanawake wanaooga, Stephen Skinner alieleza mwaka wa 2017 kwamba mabwawa hayo yanamkumbusha desturi ya Wayahudi ya kuoga kwa kujitakasa. Aliona pia kwamba alama za Ukristo ni chache mno, akafikiri mwandishi alikuwa mganga Myahudi wa Italia. Wengine wanajibu kwamba Wakristo pia walichora watu wakioga: kuna vitabu vya kale vinavyosifu maji ya moto ya Pozzuoli, karibu na Napoli. Mwaka wa 2024, Keagan Brewer na Michelle Lewis walitoa wazo lingine: picha hizo zinahusu siri za uzazi na magonjwa ya wanawake, mambo ambayo waganga wa wakati ule waliogopa kuandika waziwazi.

Picha moja haitoshi

Ugumu ni huu: waganga, vitabu na michoro vilivuka milima ya Alpi kila mwaka. Mchoraji wa Italia aliweza kuiga kitabu cha Mjerumani, na ngome ya mtindo wa Verona iliweza kuchorwa na mtu ambaye hakufika Verona. Anayechagua ua moja au ukuta mmoja atapata taifa analotaka, na kurasa zingine zitampinga.

Yale imeweka kurasa zote kwenye intaneti, na kila mtu anaweza kuzitazama bure. Atakayetaka kuaminiwa atalazimika kueleza pamoja ngome, nyota, mimea na wanawake, bila kusahau ndama waliochinjwa mbele ya mwaka wa 1438.