Je, Wajua? Kikaragosi Kipo Palepale, Mkono Umebadilishwa

Je, wajua kwamba chura Kermit, kimojawapo cha vikaragosi mashuhuri zaidi duniani, alitokana na koti kuukuu la mama? Mwaka 1955 kijana wa Kimarekani, Jim Henson, alilikata koti la mama yake lililochakaa, akapasua mpira wa tenisi ya meza katikati, akapata macho. Ndani ya kichwa hakuna mota wala waya. Chura akinuna, ni vifundo vya vidole vya mtu vimekunjwa. Akistaajabu, ni kiganja kimefunguka. Ndiyo maana ukimbadilisha anayemchezesha, hubadilishi sauti peke yake, unabadilisha na uso.

Je, wajua kwamba kwa zaidi ya miaka 60 chura huyo amekuwa na wachezeshaji wakuu watatu tu? Henson alimshika hadi alipofariki tarehe 16 Mei 1990, akiwa na umri wa miaka 53. Familia ya marehemu ikamkabidhi Steve Whitmire, aliyekuwa akifanya kazi na Henson tangu 1978. Disney ikawanunua Kermit na wenzake mwaka 2004. Oktoba 2016 Whitmire akaachishwa kazi, na umma ukaja kulijua jambo hilo Julai 2017. Kampuni ilisema mwenendo wake kazini haukukubalika. Mwenyewe alisema kosa lake lilikuwa kutoa maoni mengi mno kuhusu tabia ya chura. Hata watoto wa Henson walikuwa upande wa kampuni. Wapenzi wa chura waligawanyika, wengine wakasusa kabisa, lakini mwenye karatasi ndiye aliyeamua. Matt Vogel akavaa chura.

Je, wajua kwamba kabla ya Disney chura alishawahi kuwa mali ya Wajerumani? Mwaka 2000 kampuni ya EM.TV iliinunua kampuni ya Henson kwa dola milioni 680. Hesabu zikawaendea mrama, na mwaka 2003 familia ikainunua tena.

Kwa waliokulia kwenye vibanda umiza vya video hadithi hii ya kubadilishiwa mchezeshaji si ngeni. Mwigizaji kwenye skrini alikuwa Mmarekani au Mchina, lakini watu walilipa kiingilio kumsikiliza mtafsiri wa filamu, Lufufu, akitafsiri. Kanda ileile ikiwekewa mtafsiri mwingine, kuna walioinuka na kudai hela yao.

Je, wajua kwamba Elmo, yule mwekundu wa kipindi cha watoto cha Sesame Street, alikuwa kikaragosi asiyetakiwa? Richard Hunt alimchezesha kwa muda bila kumpenda. Siku moja katikati ya miaka ya 1980 akamrushia kijana Kevin Clash: haya, jaribu wewe. Clash akampa sauti nyembamba ya kitoto na moyo wa kukumbatia kila mtu, na Elmo akawa bidhaa ya kugombaniwa madukani. Clash alipojiuzulu Novemba 2012, Ryan Dillon alichukua nafasi yake. Watoto wa leo hawajui kama kulikuwa na mwingine.

Na ndege mkubwa wa njano wa kipindi hichohicho, Big Bird? Huyo ana urefu wa karibu meta mbili na nusu, na mtu mzima amejificha humo ndani. Mkono wa kulia unanyooshwa juu ya kichwa muda wote, kwa sababu huo ndio shingo na mdomo wa ndege. Macho hayaoni nje. Mchezeshaji amefungiwa skrini ndogo kifuani na anajitazama humo kama anavyoonekana na kamera. Caroll Spinney aliifanya kazi hiyo tangu 1969 hadi 2018, alipostaafu na miaka 84. Lakini tangu miaka ya 1990 alikuwa na msaidizi aliyejifunza kwake, akiingia ndani ya manyoya pale mzee alipochoka. Alipostaafu hapakuwa na kelele. Naona hapo ndipo ilipo tofauti na mkasa wa chura: watu wanavumilia mkono mpya uliooneshwa njia na mkono wa zamani, hawavumilii ulioletwa na barua ya ofisi.

Msaidizi huyo ni nani? Ni Matt Vogel yuleyule. Chura wa Disney na ndege wa Sesame Workshop, kampuni mbili tofauti, wanachezeshwa na mtu mmoja.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya ziwa letu, Nyasa, suala hili la kubadilisha mchezeshaji lilishapatiwa ufumbuzi zamani? Msomaji wa Kitura, mkoani Ruvuma, akishuka hadi Mbamba Bay na kuvuka moja kwa moja atafikia Nkhata Bay, Malawi. Akifuata pwani kwenda kusini hadi Nkhotakota ameingia kwa Wachewa, wenye Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago ambayo UNESCO iliitangaza kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Humo yumo Kasiya Maliro, mnyama mkubwa wa kusukwa anayebebwa na watu waliojificha ndani yake, na yumo Simoni, Mzungu wa kuchekesha mwenye uso mwekundu. Anayevaa hatajwi. Kwa wenye ngoma, aliyefika uwanjani si jirani yako fulani, ni roho iliyotoka makaburini. Mvaaji akizeeka, anaingia mwingine, na hakuna wa kuandika barua ya malalamiko.

Huku kwetu Ruvuma tunaye Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Alichora kwa miaka minne hivi tu, tangu 1968 hadi 1972, alipouawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Picha hazikukoma. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu zake, waliendelea kuchora kwa mtindo wake na kwa jina lake, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao Dar es Salaam. Jina la marehemu lilibaki kwa waliokaa naye kitako wakimwona akichovya brashi.

Je, wajua kwamba Nairobi mambo yalikuwa kinyume? The XYZ Show, iliyoanza Citizen TV mwaka 2009, ilibuniwa na mchora vibonzo Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam. Vikaragosi vyake vya mpira vilikuwa sura za wanasiasa, na aliyechezesha siye aliyeigiza sauti. Mwanasiasa alipoangushwa kwenye uchaguzi, uso wake ulikwenda stoo. Mchezeshaji alibaki, akaingiza mkono kwenye kichwa cha aliyeshinda, akaanza kujifunza upya namna ya kusema uongo.