Sayansi Iko Mtaani, Mbona Mayut Wanaihepa?

Hapa Malindi, msee akisema anasomea fizikia, mtaa mzima unamuuliza, "Sasa hiyo utakula?" Lakini yule anayepiga Kiitaliano na watalii pale bichi ya Silversands, hakuna wa kumuuliza kitu. Doo yake inaonekana jioni hiyo hiyo.

Na si ati sayansi iko mbali. Ngomeni hapo juu, Waitaliano walianza kurusha setilaiti kutoka baharini 1967. Disemba 12, 1970, siku Kenya ikifikisha miaka 7 ya uhuru, ikapaa setilaiti ya Marekani iliyobatizwa Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kucheki eksirei za angani. Buda wa hiyo kazi, Riccardo Giacconi, akabeba Nobel ya fizikia 2002. Kilifi mjini nako, watafiti wa KEMRI na Wellcome wanapambana na malaria tangu 1989. Pwani University ilipata chata 2013. Kila kitu kiko hapa hapa, na bado mayut wanahepa.

Noma inaanzia sekondari. Enda shule ya kutwa yenye vifaa vichache vya maabara: bureti ni moja, darasa zima limeigandia. Mwalimu anaachilia tindikali tone kwa tone, rangi inageuka, wa mbele wanasema "waah!", wa nyuma wanaona visogo tu. Siku ya praktiko ya KCSE ndiyo wengine wanashika bureti kivyao mara ya kwanza. Mkono unatetemeka, tone linazidi, maksi zimeenda. Halafu tunasema watoto wa Pwani vichwa ngumu. Zii!

Wenye wametoboa hadi kampasi wanapatana na noma ingine. Msee anasomea kompyuta na laptop hana. Asainmenti anaipigia kwa simu, ama anangoja ruumeti alale ndio aombe mashine. CAT ya programu inafanywa kwa karatasi, anakaririshwa kitu ambacho hajawahi kuona kikirun. Sapu zinaanza kumfuata. Mfumo wa ufadhili wa 2023 unagawa skolashipu na mkopo kulingana na uwezo wa familia, lakini kozi nyingi za sayansi bei yake iko juu, na ule mgao wa mzazi mvuvi haungoji samaki wapatikane. Msee anaahirisha semista "apige boda kidogo". Boda inalipa kila siku, digrii inalipa baada ya miaka 4, kama italipa. Wengi hawarudi, na mimi siwezi kuwaita wavivu. Hesabu waliyoshindwa si ya darasani.

Sasa Gredi 10 ya CBE imeanza 2026, na STEM ni moja ya njia 3 za kuchagua. Njia bila maabara ni jina tu. Kwa hivyo wazito wa kaunti na wabunge wetu, mkileta basari leteni na bureti, laptop na intaneti.

Na wewe mwanangu uliye karibu kutupa taulo: usipotee kimyakimya. Ingia ofisi ya chuo, omba kuahirisha semista kwa barua, weka nakala. Nafasi yako ilindwe kwanza, boda utapanda baadaye.