Mtoto wa Kiislamu katika Shule ya Kanisa: Swali la Wazazi wa Kilombero

Kila unapokaribia mwezi wa Januari, waumini wa Ifakara hutujia na swali lile lile: je, inajuzu kumpeleka mtoto katika shule ya Wakatoliki?

Katika bonde hili Kanisa lilitutangulia kujenga. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi ndio walioasisi Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambamo wake zetu hujifungua na wazee wetu hutibiwa. Shule za mashirika ya dini zilitaifishwa baada ya sheria ya mwaka 1969. Shule binafsi ziliporuhusiwa kuenea tena, Kanisa lilikuwa tayari. Mwaka 2012 Ifakara ikawa jimbo kamili la Kikatoliki. Sisi, miaka hiyo yote, tulikuwa hodari wa kuchangishana fedha za pilau ya Maulidi.

Aghalabu anayeuliza si mtu wa imani dhaifu. Ni mkulima wa mpunga. Mvua zikianza, familia huhamia shambani, wengine ng'ambo ya mto, na kukaa katika dungu hadi mavuno. Daraja lililozinduliwa mwaka 2018 limepunguza adha ya kivuko, lakini halikulisogeza shamba karibu na darasa. Mtoto akifuatana na wazazi, masomo hukatika. Akiachwa mjini peke yake, nani atamtazama usiku? Shule za sekondari za serikali hazitozi ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, lakini nyingi ni za kutwa. Bweni la masista lina kitanda, chakula na mlinzi. Asiyelima mpunga asiharakishe kumhukumu mwenziwe.

Wanaoruhusu hutaja mateka wa Badri, mwaka wa 2 Hijria, ambao baadhi yao walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, nao walikuwa washirikina. Hutaja pia Hijra ya Habasha, ambako Waislamu walipata hifadhi kwa Najashi, mfalme Mkristo. Dalili hizo ni sahihi. Lakini watoto wa Madina walirudi jioni kwa wazazi wao, na kundi la Habasha liliongozwa na watu wazima ambao imani imekwisha kukita nyoyoni. Jaafar bin Abi Talib aliweza kusimama mbele ya mfalme akasoma Suratu Maryam. Mtoto wa darasa la pili hana hoja ya kujibu.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mtoto mdogo asipelekwe bweni, hata masista wawe wapole kiasi gani. Akisoma kutwa na kurejea nyumbani, jambo ni jepesi zaidi. Kijana wa sekondari anayesali bila kusukumwa anaweza kupelekwa, iwapo mzazi atakwenda kwanza kwa mkuu wa shule, kabla ya kulipa ada. Aulize kama mwanawe atalazimika kuhudhuria Misa. Aulize kuhusu daku na futari katika Ramadhani, kuhusu sala ya Ijumaa, na kuhusu hijabu ya binti. Aulize kama ataruhusiwa kufanya mtihani wa Maarifa ya Uislamu. Wako wakuu wanaokubali mengi ya hayo kwa moyo mkunjufu. Wako wanaosema kwamba kila mwanafunzi hufuata ratiba ya shule. Huyu wa pili tusimlaumu. Amesema kweli mapema, na mzazi achukue fedha zake akatafute kwingine.

Linalotutia hofu zaidi ni jambo ambalo wazazi hawaliulizi kamwe: madrasa. Anayesoma kutwa hubakizwa Jumamosi kwa tuisheni, na wa bweni haioni madrasa muhula mzima. Mzazi anayelipa ada bila kuchelewa humkopa maalimu, kisha hushangaa kijana kusahau hata Suratul Fiil. Msikiti wenye vijana kumi wa bweni ungeweza kupanga darsa la likizo, Juni na Desemba, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na maalimu akalipwa kama alipwavyo mwalimu wa tuisheni.