WiFi Imekataa Nyumbani? Jua Tatizo Liko Wapi Kabla ya Kulipa Tena

Umelipa kodi ya nyumba, umenunua tokeni za stima, halafu WiFi nayo inaamua kukataa. Hapo wengi wetu hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kulipia kifurushi kingine tukidhani kile cha kwanza kimeisha, au kumpigia "fundi" yeyote ambaye nambari yake imebandikwa kwa geti. Yote mawili yanaweza kukumalizia pesa na intaneti isirudi.

Sisi kazi yetu ni malipo, si kuvuta nyaya. Lakini bili nyingi za WiFi siku hizi zinalipwa kwa simu, ndiyo maana tumekuandalia hatua hizi. Zifuate moja baada ya nyingine na utajua kama shida ni ya pesa, ya simu, ya rauta au ya laini yenyewe.

1. Anza na meseji ya malipo

Tafuta meseji ya mwisho uliyopata ulipolipia intaneti. Angalia tarehe, jina la biashara na nambari ya akaunti. Kifurushi cha siku 30 ulicholipia tarehe 3 Januari kinaisha tarehe 2 Februari, hata kama wewe hesabu yako ni ya mwisho wa mwezi.

Nambari ya akaunti isome tarakimu kwa tarakimu. Ukikosea moja tu, pesa zinaweza kuingia kwa akaunti ya mteja mwingine wa kampuni hiyo hiyo. Utakuwa na meseji ya kuonyesha umelipa, lakini nyumbani hakuna kitu. Usilipe tena. Pigia kampuni yako ya intaneti uwape nambari ya muamala iliyo kwenye meseji.

Na kuna hili: simu ikiwa imeshika WiFi isiyo na intaneti, apu ya malipo inaweza kuganda katikati ya kulipa. Usibonyeze mara ya pili. Zima WiFi kwenye simu, subiri kidogo, kisha angalia meseji na salio lako. Ukiona pesa hazijatoka, tumia bando, au lipa kwa USSD, yaani ile menyu ya kubonyeza nyota na reli. Hiyo haihitaji intaneti, inahitaji mtandao wa kawaida wa simu tu.

2. Ni simu moja au ni nyumba nzima?

Jaribu na simu nyingine au laptopu. Kama ni kifaa kimoja tu kinachokataa, rauta haina makosa. Futa jina la WiFi kwenye kifaa hicho, kisha uingie upya na nenosiri. Angalia pia tarehe na saa. Zikiwa si sahihi, kurasa nyingi salama, zikiwemo za benki, hukataa kufunguka.

3. Soma taa za rauta

Kama unatumia faiba, kifaa chako huwa na taa zilizoandikwa Power, PON na LOS.

Power ikiwa imezima, shida ni umeme. Jaribu soketi nyingine kabla ya kulaumu kampuni, maana mara nyingi ni ekstensheni au adapta.

LOS ikiwaka nyekundu, mwanga unaobeba intaneti haufiki kwenye kifaa. Hapo hata ukilipa mara tatu haitarudi. Angalia kama ule waya mwembamba umekunjwa au umebanwa na kochi au mlango. Ndani yake kuna uzi wa kioo, kwa hivyo usiukunje wala kuuvuta. Ukiona uko sawa, piga simu uombe fundi wa kampuni.

PON ikiwa imetulia na LOS imezima lakini hakuna intaneti, laini inafika. Rudi kwa kifurushi: huenda kimeisha, au malipo hayajasomwa.

4. Zima, subiri, washa

Chomoa rauta kwa umeme, ngoja kama dakika moja, irudishe, kisha ipe dakika tano hivi. Fanya hivyo pia ukishalipa kama intaneti haijarudi.

Lakini usiguse kile kitundu kidogo kilichoandikwa RESET. Kuzima na kuwasha ni kitu kimoja, RESET ni kingine. Hiyo hufuta mipangilio yote, na kwa baadhi ya laini hata yale maelezo ya kukuunganisha na kampuni. Kilichokuwa shida ya dakika tano kinageuka kuwa cha kungojea fundi.

5. Iko, lakini ni polepole

Kabla ya kupanda kifurushi cha bei ya juu, simama karibu na rauta ujaribu tena. Kama hapo iko mbio na chumbani inasuasua, shida ni umbali na kuta. Iweke mahali pa juu, katikati ya nyumba, mbali na nyuma ya TV na maikrowevu. Kama rauta yako ina majina mawili, la 2.4 GHz hufika mbali zaidi, la 5 GHz lina kasi lakini hushindwa haraka na kuta za mawe.

Jua pia unacholipia. Mbps 10 si megabaiti 10 kwa sekunde, ni 1.25. Filamu ya megabaiti 600 itachukua kama dakika 8, mradi ni wewe tu uko mtandaoni. Kama nusu ya ploti inajua nenosiri lako, libadilishe.

6. Uliza jirani

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya bahari ziliharibika, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna cha kurekebisha nyumbani. Kama wenzako wa kampuni hiyo hiyo pia wamekatikiwa, tulia.

7. Chunga "fundi" wa simu

Matapeli wanajua WiFi ikikatika una haraka. Atakupigia akwambie laini yako imefungwa, utume shilingi 500 ifunguliwe. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu binafsi badala ya ile Paybill unayolipia kila mwezi, kata simu. Akitaka PIN au kodi uliyotumiwa kwa meseji, kata simu. Sisi hatutakuuliza PIN yako, na kampuni ya intaneti haina kazi nayo.

Kila mara soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukiwa umeshatuma pesa kwa tapeli, ripoti kwetu mara moja kupitia nambari zetu rasmi, ukiwa na nambari ya muamala.

Na kama umelipa ipasavyo lakini kampuni yako ya intaneti inakuzungusha, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja. Huko utaulizwa ushahidi, kwa hivyo usifute meseji za malipo.